Sizoni za Kikorea: Tuzitazame Pamoja, Tuzizungumze

Nawasalimu nyote: wa Mabogini, Chekereni, Oria na Kahe huku bondeni, wa Uru, Kibosho, Old Moshi na Marangu huko mlimani, na ninyi mlio mjini Moshi mnaofunga biashara mrudi nyumbani. Mama uliyeko jikoni, huna haja ya kuacha chungu. Ongeza sauti tu, maana mazungumzo ya leo yanakuhusu. Baba naye asiondoke. Yanamhusu vilevile.

Leo nazungumzia tamthilia za mapenzi kutoka Korea Kusini, zile ambazo mitaani tunaziita sizoni za Kikorea. Najua yupo anayeuliza: hivi kweli jambo hili lina uzito wa kutengewa muda redioni, wakati mkulima anahangaika na mbolea na maji ya mfereji hayamfikii? Ndugu yangu, lina uzito. Ukipiga hesabu ya sauti zinazosikika sebuleni mwetu usiku, sauti ya tamthilia inasikika muda mrefu kuliko ya shangazi, kuliko ya mchungaji, kuliko ya shehe. Ndiyo inayowaambia wanetu kupenda ni nini, kuposa ni nini, kuishi na mkwe ni nini. Tukiacha kuizungumza, tumeacha kuzungumza na wanetu juu ya ndoa.

Nina neno moja la kuwaachia jioni ya leo, na nitalirudia mpaka likae. Neno lenyewe ni hili: sizoni za Kikorea zina faida kwetu pale zinapotufungua midomo nyumbani. Zikitufunga midomo, kila mtu na simu yake, kila mtu na spika zake masikioni, faida inapotea. Basi tuzitazame pamoja, na tuzizungumze.

Nitakwenda kwa hatua nne. Kwanza, kwa nini hadithi za watu wa mbali zinatugusa hivi. Pili, jambo moja kubwa ambalo wao wanalionyesha na sisi tunalo mlimani. Tatu, yale ninayoyapinga, na nayapinga kwa nguvu. Nne, tufanye nini. Twende pamoja.

Tuanzie shambani. Wenyeji wa Mabogini mnaujua mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, na mpunga ambao umelimwa kwenye majaruba yetu tangu wakati huo. Wakati wa kupandikiza, akina mama wanasimama kwenye maji, migongo imeinama, mikono inachomeka miche. Kazi ile ni ngumu, na dawa yake ni maneno. Siku hizi maneno gani yanasikika pale? Mmoja anasimulia sizoni ilipofikia jana. Mwingine anamkatiza: "Usinimalizie, mwenzio sijafika huko!" Wa tatu anasema: "Huyo mama mkwe angekuwa wangu, ningerudi kwetu siku hiyohiyo." Wa nne anamjibu: "Ungerudi na watoto ungemwachia nani?" Hapo, msikilizaji, hadithi imekwisha kutoka Seoul. Imefika Mabogini. Wanawake wale sasa wanazungumzia nyumba zao wenyewe, mambo ambayo pasipo hadithi ile yasingetamkwa.

Hiyo ndiyo faida ninayoisema. Hadithi ya mtu wa mbali inampa mtu wa hapa ruhusa ya kusema la moyoni bila kumtaja jirani na bila kujianika mwenyewe.

Tumefikaje huku? Wengi wenu mnakumbuka Jumong, tamthilia ya vita na ufalme iliyotengenezwa mwaka 2006, yenye vipande zaidi ya themanini. Mnakumbuka Jewel in the Palace, ya binti wa jikoni aliyepanda hadi kuwa tabibu wa mfalme. Tulizitazama kwenye kibanda umiza, tukaazimana CD mpaka zikakwaruzika. Hizo hazikuwa hasa tamthilia za mapenzi, ila zilitufungulia mlango. Baada yake zikaingia za mapenzi zenyewe: Boys Over Flowers, Secret Garden, The Heirs, na nyingine nyingi. CD zikapisha flashi, flashi ikapisha simu na bando. Leo kijana anaitazama sizoni nzima akiwa amelala kitandani kwake.

Tena wengi wetu tumezisikia kwa sauti ya Kiswahili. Hapa ni lazima niwape heshima wale wasimulizi wanaotafsiri. Mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo jijini Dar es Salaam ni Derek Mukandala, tuliyemjua kwa jina la Lufufu, na nyuma yake wamefuata wengi. Sauti moja inabeba bibi kizee, kijana tajiri, mtoto wa shule na polisi. Bibi wa Oria ambaye hajui Kiingereza wala Kikorea amelia na kucheka kwa sababu ya watu hawa. Bila wao, sizoni hizi zingebaki za wachache waliosoma.

Sasa nauliza: kwa nini zinatugusa? Mbona filamu nyingi za mapenzi kutoka Marekani hazitukai hivyo?

Jibu langu la kwanza: kwa sababu katika sizoni za Kikorea, mapenzi hayawi ya watu wawili tu. Kuna baba. Kuna mama. Kuna bibi aliyelea. Kuna deni la nyumba na ada ya mdogo wake mtu. Kijana akimpenda msichana, swali la "wazazi watasemaje" limo mezani tangu mwanzo. Chukua Boys Over Flowers ya mwaka 2009. Msichana Jan-di ni mtoto wa mfua nguo. Kijana Jun-pyo ni mrithi wa kampuni kubwa. Mama wa kijana anaona aibu, anapigana kufa na kupona kuwatenganisha, na anadhani fedha inaweza kuununua moyo wa yule binti. Je, sisi hatujawaona akina mama wa namna hiyo? Hatujasikia mtu akiambiwa, "Huyo si wa hadhi yetu"?

Hata suala la ukoo linafanana. Huku mlimani, binti akileta jina la mchumba, swali la kwanza la mzee ni: wa ukoo gani, wa wapi? Watu wa ukoo mmoja hawaoani. Korea nao walikuwa na katazo kama hilo, tena ndani ya sheria ya nchi: watu wenye jina moja la ukoo na asili moja hawakuruhusiwa kuoana. Mahakama ya Katiba ya huko ililitengua katazo hilo mwaka 1997, na sheria yenyewe ikabadilishwa mwaka 2005. Kwa hiyo mzee wa Kikorea anapokunja uso kwenye kioo, mzee wa Kibosho anauelewa uso ule.

Jibu langu la pili: zinatugusa kwa sababu ya subira. Sizoni nyingi za mapenzi za Kikorea zina vipande kama kumi na sita. Vipande kadhaa vinapita kabla hata mikono haijagusana. Mzazi na mtoto wanaweza kukaa kwenye kochi moja bila mmoja kukimbilia rimoti. Wakati wote huo mapenzi yanaonekana kwa njia gani? Kwa matendo. Mtu anampikia mwenzake uji akiwa mgonjwa. Mtu anamfunika koti. Mtu anasubiri kituo cha basi kwenye baridi.

Sisi watu wa kahawa tuna mfano wetu. Katika Crash Landing on You, iliyoanza kuonyeshwa mwishoni mwa mwaka 2019, msichana tajiri wa Korea Kusini anapeperushwa na upepo mpaka Korea Kaskazini, na kapteni wa jeshi anamficha. Binti anatamani kahawa. Kapteni yule hasemi neno. Anakwenda sokoni anapata buni, anazikaanga mwenyewe, anazisaga, anamchujia kikombe kimoja. Sisi tuliokulia chini ya migomba na mibuni tunajua kuichuma, kuikoboa na kuikausha ni jasho kiasi gani. Tukiona mwanamume amehangaika hivyo kwa ajili ya kikombe kimoja, hatuhitaji kuambiwa kwamba anapenda.

Jibu la tatu, na hili naomba mlisikilize vizuri. Zinatugusa kwa sababu zimekuta nafasi tupu. Zamani huku Uchaggani vijana walifundishwa mambo ya utu uzima kwa utaratibu. Kulikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama. Mzee anaishika, anapita alama moja baada ya nyingine, na kila alama ina fundisho lake la kuimba. Pwani kuna unyago na kungwi. Sehemu nyingine shangazi na bibi walikuwa na siku zao za kukaa na binti. Leo mregho uko wapi? Shangazi yuko Dar es Salaam, bibi yuko peke yake kihambani Old Moshi, na sisi wazazi tumechoka na kibarua, jioni hatuna maneno. Mtoto anajifunzia wapi? Anajifunzia kwenye sizoni. Mimi siilaumu sizoni kwa hilo. Nafasi tuliiacha wazi wenyewe.

Tena nafasi hii wengine waliiona mapema. Mwaka 2011 runinga ya taifa, TBC, ilituletea tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, Mao Doudou na Mama Wakwe Zake. Haikuwa ya Kikorea, lakini mada yake ilikuwa ileile: binti aliyeolewa na namna ya kuishi na wakwe. Iliwakusanya watu kiasi kwamba Rais Xi Jinping wa China alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013, aliitaja. Mnaona? Mambo ya mkwe na mkaza mwana yanavuka bahari.

Basi tumemaliza hatua ya kwanza. Narudia kwa kifupi: sizoni hizi zinatugusa kwa sababu mapenzi yake yanapita nyumbani kwa wazazi, kwa sababu yana subira, na kwa sababu zimekuta nafasi ya mafundisho iko tupu.

Hatua ya pili. Nimesema lipo jambo moja kubwa ambalo wao wanalionyesha na sisi tunalo. Jambo hilo ni kuomba msamaha.

Angalieni sizoni nyingi za Kikorea. Kitafika kipande ambacho mtu mzima, pengine baba mwenye cheo, pengine mkwe mwenye kiburi, anapiga magoti mbele ya mtu aliyemkosea. Anapiga magoti kabisa, na mchezo unasimama pale kwa muda mrefu bila haraka. Kamera haikimbii. Mtazamaji anaona uzito wa kukosa na uzito wa kusamehe.

Nani hapa Kilimanjaro asiyejua sale? Ule mmea unaopandwa kwenye mipaka ya kihamba, ndio huohuo jani lake hubebwa na mkosaji kwenda kuomba msamaha. Mtu akikuletea jani la sale, ametamka kosa lake mbele ya ukoo, na wewe uliyekosewa unatakiwa kumsamehe. Kukataa sale ni jambo la kuogopwa. Wazee wetu walielewa kwamba nyumba haiwezi kusimama kama hakuna njia ya kurudi.

Sasa niulize, nanyi mjijibu kimoyomoyo. Mara ya mwisho mume alimwomba mkewe msamaha mbele ya watoto, ilikuwa lini? Mara ya mwisho mama alimwambia binti yake, "Mwanangu, jana nilikuonea, nisamehe," ilikuwa lini? Tunamsifu Mkorea anapopiga magoti kwenye kioo, tunafuta machozi kwa kanga, halafu kioo kikizimwa tunalala tumenuniana. Hapana, ndugu zangu. Tukiona mtu anaomba msamaha kwenye sizoni, hapohapo tuwaambie wanetu habari za sale. Tuwaambie: hili hata kwetu lipo, babu yako alilifanya hivi. Hapo tamthilia ya watu wa mbali itakuwa imeturudishia la kwetu.

Hatua ya tatu. Yale ninayoyapinga. Nazipenda sizoni hizi, na kwa kuwa nazipenda sitazifichia kasoro zake.

La kwanza ninalolipinga ni tajiri mwokozi. Ni mara ngapi tumeiona hadithi ileile? Msichana fukara, mchapakazi, ana madeni. Anatokea kijana mrithi wa kampuni, mzuri wa sura, ana jeuri, lakini ndani ana moyo. Madeni yanalipwa, nguo zinanunuliwa, maisha yanabadilika. Secret Garden ni hiyo. The Heirs ni hiyo. Ni tamu kutazama, sikatai. Lakini binti yangu wa Mabogini, unayefanya kazi saluni au unayeuza mchele sokoni, nakuomba usiipime thamani ya kijana kwa gari lake. Na wewe kijana wa bodaboda, usijione huna haki ya kupenda kwa sababu huna kampuni. Utajiri wa kwenye sizoni umeandikwa na mwandishi. Wanaume wengi wenye magari wanaokuja kuwadanganya mabinti zetu wana mke nyumbani na maneno matamu mdomoni.

Tena Wakorea wenyewe wanajua kuandika tofauti wakitaka. Mwaka 2025 ilitoka When Life Gives You Tangerines, yenye vipande kumi na sita. Habari zake ni za kisiwa cha Jeju, kwa watu maskini, tangu zama za bibi zetu. Ae-sun ni binti wa mama mzamiaji, yule anayeingia baharini kutafuta riziki kwa pumzi yake. Anatamani kuwa mshairi. Gwan-sik ni kijana wa maneno machache sana. Anamsaidia Ae-sun kuuza kabichi sokoni ili binti apate nafasi ya kusoma kitabu. Siku moja amepanda meli inayoondoka kisiwani, anamwona binti yuko gatini, anajitosa majini na kuogelea kumrudia. Hana kampuni, hana gari. Ana mikono, na mikono hiyo inafanya kazi kwa ajili ya mke na watoto mpaka uzee. Wazazi wenzangu, hiyo ndiyo ya kuwaonyesha wanetu. Na mkimaliza, muwaulize: Gwan-sik wa hapa kijijini ni nani? Watamtaja, kwa sababu yupo.

La pili ninalolipinga ni ubabe unaovishwa nguo za mapenzi. Hasa katika sizoni za zamani kidogo, kijana anamkamata msichana kifundo cha mkono na kumburuta. Msichana anasema hapana, kijana anaendelea. Anasema hapana tena, anabusiwa ukutani. Muziki mzuri unapigwa, na sisi tunaambiwa tufurahi. Mimi sifurahi. Wazee wetu wana kumbukumbu za wasichana waliobebwa njiani kwa nguvu wakapelekwa kwa wanaume wasiowataka, na wako bibi walioishi na jeraha hilo mpaka kaburini. Hatukutoka huko ili turudishwe na runinga. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu, ya mwaka 1971, inasema wazi kwamba ndoa ni hiari ya wote wawili. Hiari inaanzia kwenye kifundo cha mkono. Kijana unayenisikiliza, msichana akikuambia hapana, ni hapana. Hapana yake haihitaji kutafsiriwa na msimulizi.

La tatu ninalolipinga ni uzuri wa rangi moja. Kwenye sizoni hizi, mzuri ni mweupe, ngozi haina hata doa. Watazamaji wetu wengi ni wasichana wadogo. Wanatazama usiku, asubuhi wanajitazama kwenye kioo, halafu wanakwenda kununua mkorogo. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwetu kwa sababu vinaharibu ngozi, na zebaki inaharibu hata figo. Bado vinauzwa kwa kificho. Mama, ukitazama na binti yako, usinyamaze hapo. Mwambie uzuri wake. Mwambie kwa sauti, mbele ya kaka zake, ili nao wausikie.

Hayo ni matatu: tajiri mwokozi, ubabe unaoitwa mapenzi, na uzuri wa rangi moja. Je, dawa yake ni kuzipiga marufuku nyumbani? Wako wazazi waliojaribu. Mtoto anahamia kwenye simu, anajifunika shuka, anatazama peke yake mpaka usiku wa manane. Kasoro zote tatu zinamwingia bila mtu wa kumwambia, "Hapo amekosea." Kwa hiyo narudi kwenye neno langu lilelile: tuzitazame pamoja, na tuzizungumze.

Hatua ya nne na ya mwisho. Tufanye nini?

Kwanza, nyumbani. Chagueni sizoni moja ya familia nzima. Si lazima kila siku. Hata jioni ya Jumapili baada ya kazi inatosha. Baba akae pia. Nalisema hili kwa msisitizo, kwa sababu akina baba wengi wanasema sizoni ni mambo ya wanawake. Baba, ndoa inayojadiliwa pale ni ya nani? Mwanao wa kiume anahitaji kukusikia wewe ukisema, "Huyu kijana hakumtendea haki mwenzake." Neno hilo likitoka kwako, litakaa kwake miaka mingi.

Pili, nawaomba ndugu zetu wanaotafsiri na kusimulia. Kazi yenu tunaiheshimu, na kwa sababu hiyo tunawadai. Wapo kati yenu wanaoongeza matusi ambayo mhusika hakuyatamka, wanaomtukana mwanamke kwenye kila kipande ili watu wacheke. Yule bibi wa Oria anawasikiliza. Mtoto aliyeketi miguuni kwake anawasikiliza. Tuleteeni maneno ya mhusika kwa uaminifu, na utani uwe ule unaoweza kusemwa mbele ya mkwe.

Tatu, nawasemesha waandishi na watengenezaji wetu wa filamu. Mwaka 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipokwenda Korea Kusini, walikwenda pia wasanii wetu wa filamu kujifunza namna wenzetu wanavyofanya. Jambo jema sana. Naomba wajifunze zaidi ya kamera na taa. Wajifunze hili: Mkorea anapoanza sizoni yake, kwa kawaida anajua itaishia wapi. Ana vipande kumi na sita, na kila kimoja kinasogeza jambo. Mwandishi anayeanza hadithi bila kujua mwisho wake ni sawa na mtu anayefungulia maji kwenye jaruba lisilo na kingo: maji mengi yanapita, mpunga haupati kitu. Baadhi ya tamthilia zetu zinatiririka hivyo, mwaka unaingia mwaka unatoka, mpaka wahusika wenyewe wanasahau walikuwa wanagombea nini.

Na vitu vya kuandika tunavyo. Kijana wa Kibosho anataka kumwoa binti wa Kipare aliyekutana naye kwenye majaruba ya Mabogini. Wazee wa pande mbili wanakataa. Hiyo ni vipande vingapi? Mkwe anateremka kutoka mlimani wiki ya Krismasi, familia yote imerudi, mbege iko tayari, na mke mpya hajui kupika mtori. Ndugu wawili wanagombania kihamba chenye kaburi la baba yao, na watoto wao wanapendana shuleni kabla hawajajua kwamba ni wa ukoo mmoja. Machozi yamo humo, kicheko kimo, na sale iko mpakani inasubiri kubebwa. Hadithi hizi tukiziandika kwa subira na adabu ile tunayoisifu kwa Wakorea, siku moja mama wa Jeju ataketi na binti yake kuzitazama.

Ndugu msikilizaji, muda wangu unakwisha. Nihitimishe. Tumesema sizoni za Kikorea zinatugusa kwa sababu mapenzi yake yanapita kwa wazazi, yana subira, na zenyewe zimekuta nafasi tupu ya mafundisho. Tumesema zinatukumbusha msamaha, na kwamba sisi tuna sale. Tumesema tusikubali tajiri mwokozi, tusikubali ubabe, tusikubali mabinti zetu waichukie ngozi yao. Na tumesema hayo yote hayawezekani kama kila mtu anatazama peke yake.

Basi nawapa kazi moja ya usiku wa leo. Mtakapofika pale ambapo mhusika yuko njia panda, mama yake anamwambia hivi na moyo wake unamwambia vile, simamisha kioo kidogo. Mgeukie mwanao, au mwenzi wako, au mama yako mzazi kama yupo, umuulize: "Wewe ungefanyaje?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Ukisikia jibu usilolipenda, usigombe. Muulize kwa nini.